Kiti cha Gari Chenye Joto Kikiharibika: Fuata Njia ya Umeme Kabla ya Kupasua Kiti



Mtu wa pwani akisikia kwamba kuna viti vya gari vinavyopashwa moto kwa umeme, huenda akacheka. Lakini wewe unayeamka saa 11 alfajiri huku Chepseon, ukapakia mitungi ya maziwa wakati ukungu bado umelala juu ya majani chai, hutacheka. Nchi yetu ya Kericho ni ya juu na mvua yake ni nyingi. Kiti cha gari kilicholala nje usiku kucha huwa baridi kama jiwe la mtoni.

Katika miaka ya 1960, mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa, gari la shamba lilikuwa Land Rover lenye viti vigumu, na dereva alijifunika koti lake. Siku hizi mambo ni mengine. Wakulima wengi wana magari ya milimani yaliyokwisha pita mikononi mwa watu watatu au wanne: Discovery, Range Rover, Pajero, Prado. Mengi yaliundwa kwa watu wa nchi za baridi, na ndani ya viti vyake mna waya wa joto. Jambo hili si geni. Huko Marekani gari la Cadillac lilipata viti vya joto katika magari yake ya mwaka 1966, na Saab ya Sweden ikafuata katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Sasa magari hayo yamezeeka, na viti vyake vimeanza kuharibika. Kingine hakipati joto kabisa. Kingine chapata joto upande mmoja tu. Kingine, na hiki ndicho kibaya kuliko vyote, chapata moto mkali mahali pamoja mpaka kinachoma nguo. Mwezi huu tutaeleza jinsi ya kutafuta ubovu huo na jinsi ya kuutengeneza. Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili: fuata njia ya umeme hatua kwa hatua kutoka betri hadi kiti, wala usiruke hatua hata moja. Anayeanza kwa kupasua kiti hupoteza fedha. Anayetia waya mnene mahali pa fyuzi aweza kupoteza gari, na pengine mtu.

KITI HICHO KINAFANYAJE KAZI?

Chini ya ngozi au kitambaa cha kiti, juu ya sponji, umelazwa mkeka mwembamba wenye waya uliopindwapindwa huko na huko. Tutauita mkeka wa joto. Kwa kawaida kila kiti kina mikeka miwili: mmoja wa kukalia na mmoja wa kuegemea. Umeme ukipita katika waya huo, waya huukinza, na ukinzani huo ndio unaoleta joto, kama vile waya wa pasi ya umeme.

Umeme hutoka katika betri, ukapita katika fyuzi, ukafika kwenye rilei, yaani swichi ya ndani inayovutwa na sumaku. Swichi unayobonyeza kwa kidole ndiyo inayoiamrisha rilei. Kisha umeme hupita katika plagi iliyo chini ya kiti, ukaingia katika mkeka, na kurudi kwa waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Ndani ya mkeka mna pia kifaa kidogo cha kulinda joto, ambacho hukata umeme kiti kikipata moto wa kutosha. Kwa hiyo, kiti kikipata joto, kikanyamaza, kisha kikaanza tena, usifikiri ni kibovu. Ndiyo kazi yake.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayofunua hatari. Betri ni ya volti 12. Tuseme ukinzani wa waya wote wa mkeka ni omu 2. Gawa 12 kwa 2, utapata ampea 6. Zidisha 12 kwa 6, utapata wati 72. Hilo ni joto la kutosha kwa mtu mmoja. Sasa tuseme waya umechubuka na kugusana katikati, hata umeme wapita katika nusu tu ya waya. Ukinzani umekuwa omu 1. Ampea zimekuwa 12, na wati zimekuwa 144. Nusu ile ya waya iliyokuwa ikitoa wati 36 sasa yatoa wati 144, yaani joto mara nne. Tena angalia: kama fyuzi ni ya ampea 15, haitakatika, kwa sababu ampea ni 12 tu. Kwa hiyo usingoje fyuzi ikuonye. Ukisikia harufu ya kitu kuungua, au ukihisi moto mahali pamoja, zima kiti hicho papo hapo na usikiwashe tena mpaka kitengenezwe.

KABLA YA KUGUSA KITU CHOCHOTE

1. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uweke jiwe au gogo nyuma ya gurudumu.

2. Soma kitabu cha gari kama unacho. Hicho kitakuonyesha fyuzi ya viti iko wapi na ni ya ampea ngapi. Kama redio ya gari lako huhitaji nambari ya siri baada ya betri kufunguliwa, itafute nambari hiyo kwanza.

3. Tazama chini ya kiti kwa tochi. Ukiona plagi au waya wa rangi ya manjano, jua kwamba hapo pana mfuko wa hewa wa kumkinga mtu wakati wa ajali, au mkanda unaojivuta wenyewe. Usiuguse waya huo kwa mita wala kwa taa ya kupimia, maana mfuko waweza kulipuka usoni pako. Kabla ya kufungua plagi yoyote chini ya kiti cha namna hiyo, zima injini, ondoa ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri, kisha ngoja angalau dakika 10. Kama huna hakika, kazi ya kuondoa kiti hicho mwachie fundi wa umeme wa magari.

Unapofungua betri, anza na hasi. Unapofunga, malizia na hasi. Ukifanya kinyume, spana yako ikigusa bodi itatoa cheche.

HATUA YA KWANZA: ULIZA NI KITI GANI KIBOVU

Washa injini, maana katika magari mengi viti hivi havifanyi kazi mpaka ufunguo uwe umewashwa, na katika mengine mpaka injini ingurume. Washa viti vyote viwili, ngoja dakika 5, kisha pitisha mkono.

Kama viti vyote viwili ni baridi, ubovu yamkini uko mahali ambapo viti hivyo vinashirikiana: fyuzi, rilei, au waya wa kurudi kwenye bodi. Kama kimoja tu ni baridi, tazama swichi yake, plagi yake, na mkeka wake. Kama sehemu ya kuegemea ina joto lakini ya kukalia ni baridi, huenda mkeka wa kukalia umekatika au waya zake zimeachana na plagi. Lakini katika magari mengine mikeka hiyo miwili imefungwa mmoja baada ya mwingine, na mmoja ukikatika yote miwili hufa.

Kwa hiyo swali hili dogo laweza kukuokolea kazi ya siku nzima.

HATUA YA PILI: FYUZI

Zima gari, ondoa fyuzi, uitazame kwenye mwanga. Kama uzi wa ndani umekatika, tia nyingine ya ampea zile zile. Fanya hivyo mara moja tu. Ikikatika tena, gari linakuambia kwamba umeme umepiga shoti mahali fulani. Usibishane nalo.

Fyuzi ni askari wa zamu. Kazi yake ni kukatika kabla waya hazijaungua. Mtu anayeweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15, au anayezungusha kipande cha waya au karatasi ya sigara, amemfukuza askari na kumwachia mwizi mlango. Sasa kitakachoungua kwanza si fyuzi, ni waya uliopita chini ya zulia, karibu na sponji, nawe umekalia juu yake.

HATUA YA TATU: RILEI NA SWICHI

Mwambie mtoto mkubwa au jirani abonyeze swichi huku wewe umesogeza sikio karibu na kisanduku cha rilei. Ukisikia "tik", rilei inavutwa. Usiposikia kitu, ibadilishe na nyingine iliyo karibu yenye nambari ile ile, uone. Rilei ya pembe au ya taa mara nyingi huwa ya aina moja nayo, lakini hakikisha nambari kwanza.

Swichi nazo huharibika kwa vumbi la barabara, chai iliyomwagika, na vidole vyenye matope. Swichi ikiwa imelegea, au taa yake ikiwaka na kuzima gari likirukaruka, huenda ubovu uko hapo.

HATUA YA NNE: PLAGI ILIYO CHINI YA KITI

Bwana mkulima, hapa ndipo tazama kwa makini kuliko mahali pengine pote. Mara nyingi gari la shamba haliharibikii ndani ya kiti, bali chini yake. Mabuti yenye matope huingiza maji. Mtungi wa maziwa humwagika na kuacha uchachu unaokula shaba. Panya waliofuata punje za mahindi hutafuna waya. Tena kila mara unaposogeza kiti mbele na nyuma, waya huvutwa, na reli ya kiti yaweza kuusaga mpaka shaba ionekane.

Ukiona kutu ya kijani katika plagi, ifungue (betri ikiwa imefunguliwa kama tulivyoeleza), isafishe kwa brashi ndogo ya mswaki na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, iache ikauke kabisa, kisha uirudishe mpaka ushike sauti ya kufunga. Fuata pia waya wa kurudi kwenye bodi. Mara nyingi hufungwa kwa bolti chini ya zulia. Fungua bolti hiyo, piga msasa mpaka chuma king'ae, uifunge tena kwa nguvu.

Waya uliosagwa na reli usiuvike tepu na kuurudisha pale pale. Utengeneze, kisha uufunge mahali pengine ambapo reli haiufikii.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amekwenda kwa fundi mjini. "Fundi, kiti changu kimekufa. Nunua mkeka mpya utie," asema. Fundi mwema humjibu, "Subiri kwanza, mzee wangu. Tuanze na fyuzi." Baada ya nusu saa wanakuta plagi imejaa kutu. Mzee anarudi nyumbani na fedha za mkeka zingali mfukoni. Fundi asiye mwema angalipasua kiti, angaliuza mkeka, na siku ya tatu kiti kingalikufa tena, maana kutu ingali pale pale. Ukienda kwa fundi, muulize kwanza: "Umepima wapi, na mita imesema nini?"

HATUA YA TANO: KUPIMA MKEKA

Mita ndogo ya umeme yapatikana katika maduka ya vifaa, na inafaa kwa kazi nyingi za shamba. Igeuze upande wa omu. Plagi ya kiti ikiwa imefunguliwa, gusa nyaya mbili za mkeka peke yake, si zile za manjano.

Mita ikionyesha omu chache, kama 1 hadi 5, mkeka uko hai. Ubovu uko nyuma yako; rudi ukatafute upya. Mita isipoonyesha kitu chochote, waya umekatika. Mita ikionyesha karibu na sifuri, waya umepiga shoti. Kisha gusa waya mmoja wa mkeka kwa ncha moja ya mita, na chuma cha kiti kwa ncha ya pili. Hapo isionyeshe kitu. Ikionyesha, waya unagusa chuma, na kiti hicho kisiwashwe.

HATUA YA SITA: KUFUNGUA KITI NA KUTENGENEZA

Ikiwa sasa umethibitisha kwamba mkeka ndio mbovu, basi ndipo ufungue kiti. Viti vingi hushikwa na bolti 4. Kitoe nje, ukiweke juu ya gunia safi. Kifuniko chake hushikwa na vipete vya chuma. Vikate kwa koleo mmoja mmoja, ukiviandikia mahali pake. Usivute kwa nguvu, maana ngozi kuukuu hupasuka.

Tazama mkeka. Kama waya umekatika kwenye mguu wake tu, pale unapotoka kuelekea plagi, na hapakuungua, waweza kuuunga. Chuna mipira yake, ingiza ncha mbili katika kifungo cha shaba, kibane sawasawa kwa koleo lake, kisha uifunike kwa kitambaa kisichoungua. Lehemu peke yake ni ngumu na huvunjika mtu akikalia, kwa hiyo usiitegemee.

Lakini ukiona alama nyeusi, shimo katika sponji, au waya ulioungua ndani ya mkeka wenyewe, usiuunge. Mkeka uliokwisha ungua mahali pamoja utaungua mahali pengine. Tia mpya. Chagua wa volti 12 na unaotoshea kiti chako. Usiukunje, usiukate ili kuupunguza, na usiutoboe kwa sindano wakati wa kurudisha kifuniko. Kama mkeka mpya umekuja na fyuzi na rilei zake, zitumie hizo. Wala usiondoe kile kifaa cha kulinda joto eti kiti kipate moto zaidi.

Kabla ya kufunga kifuniko, funga kiti katika gari, unganisha kila plagi, kisha ndipo urudishe betri. Usiwashe ufunguo wakati plagi ya manjano iko wazi, maana taa ya hatari itawaka. Washa kiti kwa dakika 10 huku ukipitisha mkono kila mahali. Joto liwe sawa pote. Ndipo umalize.

WATU WANAOPASWA KUANGALIWA

Joto linalopendeza laweza kudhuru. Mwaka 1947 wataalamu wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba joto la digrii 44 za sentigredi tu, likikaa juu ya ngozi kwa muda wa saa 6, huunguza. Mtu mzima mwenye afya huhisi na kujisogeza. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa sukari aliyekufa ganzi miguuni, mtu aliyepooza, mtoto mchanga, au mtu aliyelala usingizi mzito, hawezi kuhisi. Madaktari wameandika habari za watu waliopooza walioungua vibaya katika viti vya namna hii bila kujua. Ukimpeleka mgonjwa hospitali Kericho kabla ya mapambazuko, kiti chake kizimwe, umfunike blanketi mabegani.

Tena blanketi zito, gunia au ngozi ya kondoo visilazwe juu ya kiti kilichowashwa, kwa sababu joto hukosa njia ya kutoka. Usipakie gunia la mbolea la kilo 50 juu ya kiti hicho, wala usiwaache watoto wapige magoti juu yake. Goti moja huelemea mahali padogo, na waya mwembamba hukatika hapo.

KAMA FEDHA HAZITOSHI

Si aibu kuendesha gari lenye kiti baridi. Kama kiti chako kimeungua na huna fedha za mkeka mwaka huu, ondoa fyuzi yake ikiwa haitumiki na kitu kingine, fungua plagi ya mkeka, funika ncha zake kwa tepu ya umeme, na ubandike karatasi juu ya swichi ili mtu mwingine asiiwashe. Sasa waweza kulaza ngozi ya kondoo juu ya kiti, nayo itakupasha joto bila betri. Kiti baridi hakijamwua mtu, lakini kiti kilichopiga shoti chaweza kuteketeza gari lililobeba maziwa ya nyumba nzima.

Na ikitokea moshi ukiwa barabarani, simama kando, zima ufunguo, toa watu wote kwanza, kisha ufungue betri ikiwa unaweza kuifikia bila hatari. Kizima moto kidogo cha unga kikae mahali unapofikia kwa mkono, si chini ya magunia. Usirudi ndani kuchukua mzigo. Maziwa yatakamuliwa tena kesho.

Kwa kifupi, mkulima, kumbuka haya: uliza kiti gani, tazama fyuzi, sikiliza rilei, safisha plagi, pima mkeka, na mwisho kabisa ndipo ufungue kiti. Ukifuata njia hiyo, utamwendea fundi ukijua unalolitaka, naye hatakuuzia usichokihitaji. Asubuhi ya baridi itakapokuja tena, utaketi kwa amani.